Kuzuia Windows isihamie toleo jipya bila ruhusa yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wateja ninaowahudumia Kisumu na sehemu za jirani: wenye saiba (maduka ya huduma za intaneti), walimu wanaosimamia maabara za kompyuta, wenye agroveti na maduka ya dawa, na wanafunzi wenye laptopu moja tu wanayoitegemea kwa kila jambo. Mengi yanahusu InControl, programu ndogo ninayoitumia mara kwa mara kuzuia Windows isipandishwe toleo, lakini baadhi ya majibu yatamfaa hata mtu ambaye hataki kuitumia. Sikuyapanga kwa umuhimu. Nimeyafuata kwa kadiri mazungumzo dukani yanavyoendelea.

InControl ni programu gani?

Ni programu ya bure, isiyofika hata megabaiti moja, iliyoandikwa na Steve Gibson wa kampuni ya Gibson Research Corporation ya California, Marekani. Kazi yake ni moja: inaiambia Windows ibaki kwenye toleo ulilolichagua wewe. Haisakinishwi. Unaifungua, unabofya kitufe kimoja, unaifunga, na ukitaka unaweza kuifuta papo hapo, kwa sababu agizo lililoandikwa linabaki ndani ya Windows hata faili lenyewe likiwa halipo tena.

Je, nikiitumia nitakosa masasisho ya usalama?

Hapana. Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi ya yote, na ndilo lenye kutoeleweka kwingi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Windows hupokea vitu vya aina mbili kupitia mlango mmoja. Cha kwanza ni masasisho ya kila mwezi, ambayo Microsoft huyatoa Jumanne ya pili ya mwezi. Hayo huziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia, na hayabadilishi sura ya kompyuta yako wala jina la mfumo endeshi. Cha pili ni toleo jipya zima: Windows 10 kuwa Windows 11, au Windows 11 ya 23H2 kuwa 24H2. Nambari hizo zina maana rahisi: 23 ni mwaka 2023, na H2 ni nusu ya pili ya mwaka huo. Toleo jipya linaweza kubadilisha menyu, likaondoa programu za zamani, likadai draiva mpya (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa kama printa) na kuchukua saa nzima au zaidi kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka.

Kwa kuwa vyote viwili hupitia Windows Update, watu wengi hudhani kwamba lazima uvikubale vyote au uvikatae vyote. Nimekutana na kompyuta zilizokaa miaka miwili bila sasisho lolote kwa sababu mwenyewe aliogopa kupandishiwa toleo, akaamua kuufunga mlango wote. Huo ni uamuzi mbaya kuliko tatizo lenyewe. InControl huzuia hicho cha pili na kukiacha cha kwanza kiendelee kuingia, maadamu toleo ulilobaki nalo bado linahudumiwa.

Kwa nini mtu azuie toleo jipya? Kipya si ndicho bora?

Mara nyingi ni bora, na sina ugomvi na Windows 11 yenyewe. Jambo ninalolisisitiza ni wakati wa kufanya kazi hiyo, na nani anayeuamua.

Chukua mfano wa saiba moja pale Kondele, tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Kwenye kompyuta ya tatu kulitokea dirisha lililojaza kioo kizima, likipendekeza Windows 11, na mteja aliyekuwa ameketi pale alitaka tu liondoke mbele yake ili aendelee na nywila yake ya iTax. Akabofya kitufe kikubwa cha bluu, kwa sababu ndicho kilichoonekana kwanza. Hakuna kilichotokea wakati ule. Faili zilianza kushuka kimyakimya. Saa nane mchana mhudumu aliiwasha upya mashine hiyo kwa sababu ilikuwa nzito, na kioo kikageuka cheusi na asilimia zikaanza kuhesabika polepole mno. Nilipopigiwa simu ilikuwa imefika asilimia 31. Ilipomalizika jioni, printa ya zamani iliyounganishwa kwa kebo kwenye mashine hiyo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitolea risiti za wateja wote, haikutambuliwa tena. Draiva yake ilikuwa ya enzi nyingine kabisa.

Utaambiwa kwamba kuhama kutoka Windows 10 kwenda 11 ni hiari, na ni kweli kwamba kwa kawaida huletwa kama pendekezo. Lakini hiari ya nani? Kompyuta ya nyumbani ina mwenyewe mmoja. Kompyuta ya saiba huguswa na watu thelathini kwa siku, na yeyote kati yao anaweza kukubali kwa niaba yako. Maabara ya shule ni hivyo hivyo, na huko vidole vina udadisi zaidi.

Nilisikia kuhusu Never10. Ni kitu kimoja?

Ni ndugu mkubwa wa InControl, kutoka kwa mwandishi yule yule. Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015, na kwa mwaka mmoja wenye Windows 7 na 8.1 waliruhusiwa kuipata bila malipo. Sasisho lenye nambari KB3035583 lilileta kijialama kidogo pembeni mwa saa, kikimwalika mtu kujiwekea nafasi. Mwaliko ule ulizidi kuwa mkali kadiri miezi ilivyopita. Kufikia Mei 2016, kubofya alama ya X ya kufungia dirisha hakukufuta tena upandishaji uliokwisha kupangiwa saa. Watu waliozoea maisha yao yote kwamba X maana yake ni «sitaki» walikuta mashine zimebadilika. Mwanamke mmoja mwenye wakala wa safari huko Sausalito, California, alishtaki Microsoft katika mahakama ya madai madogo na akalipwa dola 10,000.

Ni katika kipindi hicho ambapo Gibson alitoa Never10. Kulikuwa na nyingine pia, GWX Control Panel ya Josh Mayfield, iliyokuwa na vitufe vingi zaidi. Never10 ilikuwa ya Windows 7 na 8.1 tu, kwa hiyo leo haina kazi kwenye mashine nyingi. Ukiikuta kwenye flashi ya zamani, iache. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haja ile ile ilirudi, na InControl ndiyo iliyokuja kuishughulikia.

Inafanya nini hasa ndani ya kompyuta?

Watu hushangaa wakiambiwa jinsi kazi yenyewe ilivyo ndogo. Windows ina rejista, yaani daftari kubwa la mipangilio ambalo mfumo hulisoma kabla ya kufanya lolote. Ndani ya daftari hilo kuna ukurasa wa sera za Windows Update, ambao Microsoft yenyewe iliutenga kwa ajili ya wasimamizi wa kompyuta za makampuni na mashirika. InControl huandika mistari mitatu katika ukurasa huo: wa kwanza husema kwamba toleo limewekewa kikomo, wa pili hutaja bidhaa, kwa mfano Windows 10, na wa tatu hutaja toleo, kwa mfano 22H2.

Ni hayo tu. Hakuna askari anayekesha ndani ya mashine, hakuna programu inayokula nguvu ya kichakato, na hakuna faili la Windows lililoguswa. Ndiyo maana hupenda kuwaonyesha wateja mistari hiyo kwa macho yao. Mtu akijua kwamba ni maandishi matatu tu, hababaiki siku mambo yakienda kombo.

Naitumiaje, hatua kwa hatua?

Kwanza ujue uko toleo gani. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Dirisha dogo litakuambia. Halafu fungua InControl. Windows itakuuliza kama unairuhusu kufanya mabadiliko, na kama akaunti unayotumia si ya msimamizi utaombwa nywila yake. Ndani utaona sehemu mbili za kujaza, moja ya bidhaa na nyingine ya toleo, ambazo kwa kawaida huwa tayari zina toleo ulilo nalo. Usipotaka kubadilisha kitu, bofya «Take Control», na kazi imekwisha.

Sehemu hizo zinaweza kuhaririwa kwa sababu nzuri. Ikiwa mashine iko Windows 10 ya 21H2, usiifungie hapo. Toleo hilo lilikwisha kuachwa. Andika 22H2, ambalo ndilo la mwisho la Windows 10, na Windows Update italileta lenyewe kisha itakomea hapo.

Baada ya kuitumia, sehemu ya Windows Update inasema baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika langu. Shirika lipi? Kompyuta ni yangu binafsi.

Swali hili huniletea simu za usiku. Mwalimu mmoja wa Vihiga alikuwa na hakika kwamba laptopu aliyoinunua ilikuwa ya wizi, na kwamba kampuni fulani ya ng'ambo bado ilikuwa imeishika.

Maneno hayo hutokea kila mara ukurasa ule wa sera unapokuwa na mstari wowote, kwa sababu Windows huchukulia kwamba ni msimamizi wa shirika pekee anayeandika pale. Katika hali hii shirika ni wewe. Hata hivyo, ukiyaona kwenye laptopu ambayo hujaigusa kwa InControl wala kwa njia nyingine, basi mwulize aliyekuuzia, maana mashine nyingi tunazoziita ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zilitoka kwenye ofisi kubwa, na pengine hazikusafishwa vizuri kabla ya kupakiwa kwenye kontena.

Inafanya kazi kwenye Windows ya Home?

Nyaraka za Microsoft zinaitaja sera hii kwa Pro, Enterprise na Education. Home haina hata kile kihariri cha sera ambacho msimamizi angekitumia kwa mkono. Mistari mitatu inaweza kuandikwa kwenye Home bila kosa lolote kujitokeza, lakini ushauri wangu ni kuichukulia kama ukuta wa kwanza, kisha uongeze wa pili ninaoueleza kwenye jibu la bando hapa chini.

Kwa nini nisiizime tu huduma ya Windows Update?

Kwa sababu itawaka tena. Windows 10 na 11 zina huduma nyingine ambayo kazi yake ni kuikagua Windows Update na kuirekebisha ikikutwa imelala. Na hata ungefaulu, ungekuwa umeyazima masasisho ya usalama, ambayo unayahitaji.

Kuahirisha nako kuna mpaka: Windows 10 hukuruhusu siku 35, kisha inabidi usasishe kabla ya kuahirisha tena. Siku 35 zinatosha kuvuka msimu wa mitihani au wiki ya ritani. Kwa mtu anayetaka hilo tu, haihitaji programu yoyote.

Nina HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua Nakuru. Nahitaji kuzuia Windows 11?

Huna haja ya kuizuia, haitakuja. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kuwashwa kwa njia salama (Secure Boot), kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na kichakato kilichomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia, ukiacha vichache, kizazi cha nane. G3 ina kizazi cha sita. G4 ina cha saba, nayo imeachwa nje. Ni G5 yenye kizazi cha nane ndiyo inayoingia. Kwa hiyo mtu anayelinganisha bei za G4 na G5 dukani, na kuona kwamba zinafanana kwa umbo na rangi, ajue kwamba tofauti ya bei si ya bure.

Lakini usiache kusoma hapo, kwa sababu swali linalofuata linakuhusu zaidi kuliko mwenye G5.

Windows 10 imefika mwisho. Kubaki nayo si hatari?

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu siku hiyo, kuzuia toleo jipya kwenye mashine ya Windows 10 kuna maana tofauti na awali, na sitamficha mtu ukweli huo: mashine isiyopokea marekebisho ya usalama huku ikitumika kuingia benki na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni mlango uliorudishwa bila kufungwa.

Kuna njia halali ya kuongeza muda. Microsoft ina mpango wa masasisho ya usalama ya ziada, unaofahamika kwa herufi ESU, ambao kwa watu binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine iwe kwenye 22H2, na mwenyewe awe na akaunti ya Microsoft. Anaweza kujiunga bila kulipa kwa kukubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa dola 30. Kujiunga mara moja kunafaa hadi kompyuta kumi za akaunti ile ile. Kitufe cha kujiunga kipo ndani ya Windows Update. InControl haiuzuii mpango huu, kwa sababu masasisho yake ni ya usalama na si toleo jipya. Na kwa kweli vyote viwili vinaenda pamoja vizuri, kimoja kikishikilia toleo na kingine kikiliziba mianya.

Kwa shule hesabu ni nyingine. Bei ya taasisi za elimu ni dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu, ilhali shirika la kawaida hutozwa dola 61 mwaka wa kwanza, na bei huzidishwa mara mbili kila mwaka. Maabara yenye mashine ishirini za kizazi cha sita inaweza kununua muda wa kutafuta fedha za mashine nyingine kwa gharama isiyofika bei ya printa. Mwalimu mkuu akisikia «dola 61» ataikataa barua kabla ya kuimaliza, kwa hiyo hakikisha unamtajia bei iliyo yake.

Natumia bando la simu. Toleo jipya litakula kiasi gani?

Faili kamili la kusakinisha Windows 11 lina zaidi ya gigabaiti 5. Kwa mwenye faiba hilo ni jambo la kusahau. Kwa mwanafunzi wa Maseno aliyewasha hotispoti ili atume kazi ya kurasa nne, ni bando la mwezi lililopotea akiwa anatafuta chai. Haina maana kwamba kila toleo ni zito hivyo. Kutoka 22H2 kwenda 23H2 ya Windows 11, au kutoka 24H2 kwenda 25H2, kinachoshuka ni kifurushi kidogo cha kuwezesha, kwa sababu sehemu kubwa ilishaingia pamoja na masasisho ya kila mwezi. Lakini kutoka 23H2 kwenda 24H2 ni safari nzima.

Ukuta wa pili nilioutaja ni huu: iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Ingia Settings, sehemu ya mtandao, bofya jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo, kisha washa chaguo la «Metered connection». Tatizo ni kwamba Windows huchukulia hotispoti ya simu kuwa Wi-Fi ya kawaida, yaani mali isiyo na mwisho, hadi uiambie vinginevyo. Na hukumbuka agizo hilo kwa jina la mtandao. Ukibadilisha simu, au ukibadilisha tu jina la hotispoti kutoka jina lako kwenda la timu yako, agizo halihami nawe. Nimeona bando mbili zikienda kwa namna hiyo wiki moja, kwa mtu yule yule, naye akimlaumu ndugu yake wa chumba kimoja.

Kumbuka pia kwamba kwa mtandao wa kipimo hata masasisho ya usalama mengi husubiri. Basi angalau mara moja kwa mwezi, baada ya Jumanne ya pili, ipeleke laptopu mahali penye faiba au maktaba yenye Wi-Fi, uyaruhusu yashuke.

Inazuia yale matangazo ya kuhamia Windows 11? Na mtu mwingine akiamua kuisakinisha kwa mkono?

Usitegemee iyamalize matangazo, na haimzuii mtu. Sera hiyo inaihusu Windows Update peke yake. Mwenye flashi ya kusakinishia Windows 11 na nywila ya msimamizi ataipita kama haipo. Kwenye saiba na maabara, wape watumiaji akaunti ya kawaida na nywila ya msimamizi ubaki nayo wewe.

Kompyuta imeshajipandisha. Naweza kurudi nilikotoka?

Unaweza, ukiwahi. Windows huihifadhi ile ya zamani katika folda inayoitwa Windows.old, na una siku 10 za kurudi kupitia Settings, sehemu ya Recovery, kwa kitufe cha «Go back». Zikipita, folda hufutwa, na kilichobaki ni kusakinisha upya. Watu wengi huipoteza nafasi hiyo mapema zaidi kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa folda hiyo ni kubwa na programu za kusafisha diski huipendekeza iwe ya kwanza kufutwa.

Kama bado uko ndani ya siku hizo lakini unataka kuijaribu Windows mpya kwanza, fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) kama msimamizi na uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Siku 10 zitakuwa 60. Kabla ya kurudi, nakili kazi zako kwenye diski nyingine, na uwe umeishaiweka InControl kwenye flashi, ili uitumie mara tu mashine inapowaka kabla hujaiunganisha na mtandao.

Stima ikipotea katikati ya upandishaji?

Mara nyingi Windows hujirudisha yenyewe ilikotoka inapowashwa tena. Mara nyingi, si kila mara. Kwenye diski ya kuzunguka iliyochoka nimepoteza mashine mbili. Ikiwa betri ya laptopu imekufa na unatumia chaja tu, hesabu kwamba ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), na usianze kazi hiyo saa za jioni wakati mawingu yanajikusanya juu ya ziwa.

Niipakue wapi? Rafiki yangu ananipa kwenye flashi.

Ipakue kwenye tovuti ya Gibson mwenyewe, grc.com, na si kwenye tovuti za kukusanya programu ambazo hukupa kitu kingine ndani ya gamba lake. Ukipewa kwenye flashi, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Digital Signatures. Jina la Gibson Research Corporation lisipokuwepo, futa. Haina malipo, haina leseni ya kununua, na anayekuuzia «toleo kamili» anakuuzia hewa.

Nina kompyuta 25 katika maabara. Nifungue InControl mara 25?

Si lazima. Kwa kuwa unajua mistari mitatu ni ipi, iandike katika faili moja la maandishi, ulihifadhi kwa kiambishi .bat, na uliendeshe kama msimamizi kwenye kila mashine:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d 22H2 /f

Angalia alama za kunukuu. Mwalimu mmoja aliyenakili kutoka WhatsApp alipata zile zilizopinda, na amri ikakataa mashine zote 25 kabla hajanipigia. Ikiwa maabara hurudishwa kila muhula kutoka nakala moja kuu, andika mistari hiyo kwenye nakala kuu, la sivyo utaanza upya kila mara.

Nikiwa kwenye Windows 11, niifungie toleo moja milele?

Usifanye hivyo. Kila toleo la Windows 11 Home na Pro huhudumiwa miezi 24 tu. 23H2 ilikwisha tarehe 11 Novemba 2025, na 24H2 itafuata tarehe 13 Oktoba 2026. Toleo likikaribia mwisho wake, Microsoft huzipandisha zenyewe mashine za kawaida zisizo na msimamizi, na hapo tena ni afadhali upandishe mwenyewe siku unayoitaka. Mimi huandika tarehe ya mwisho kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ya gundi chini ya laptopu, karibu na nambari ya mashine. Likizo ya Agosti inapofika, shule zikiwa tupu, ninabadilisha nambari ndani ya InControl na kuziacha mashine zifanye kazi usiku kucha.

Naiondoaje?

Fungua InControl tena na ubofye «Release Control». Mistari mitatu itafutwa, na Windows Update itarudi katika hali yake ya kawaida. Kama ulitumia faili la .bat, InControl inaweza kuifuta mistari hiyo pia, kwa kuwa ni ile ile.

Nauza laptopu yangu. Kuna la kufanya?

Iachilie kwanza kabla hujamkabidhi mnunuzi. La sivyo, ataona yale maneno ya shirika, na utakuwa wewe unayepigiwa simu usiku ukiulizwa kama laptopu ni ya wizi.